Mwendokasi si kasi: tunachopima tunapohesabu kinachotoka

Kikao kilikuwa cha kutathmini zabuni ya mfumo wa malipo, katika ofisi moja pale Posta, saa nane mchana, saa ambayo kila mtu ameshiba wali na macho yanagombana na usingizi. Mzabuni, kijana mwenye tai na kompyuta nyembamba, alisimama mbele ya projekta akasema: "Mfumo wetu una kasi ya miamala 500 kwa sekunde." Tukatikisa vichwa. Mimi nilikuwa upande wa mafundi, na nilitikisa cha kwangu kama wengine.

Mhasibu wetu, mama mtu mzima aliyebakiza miaka michache astaafu, akavua miwani. "Mwanangu, kwa hiyo karani wangu akibonyeza, jibu linarudi ndani ya sehemu moja ya mia tano ya sekunde?"

Vijana wakacheka chini kwa chini. Mzabuni akajibu kwa upole, "Hapana mama. Jibu linaweza kuchukua hata sekunde tatu."

"Sasa kasi iko wapi?"

Kicheko kikakatika. Yule kijana hakuwa mwongo, na mama hakuwa mshamba. Namba 500 ilikuwa ya kweli, sekunde tatu zilikuwa za kweli, na mfumo mmoja unaweza kuwa na vyote viwili kwa wakati mmoja bila kujipinga. Kilichokosewa ni neno. Kijana alisema "kasi" akimaanisha kitu ambacho mafundi wa Dar hukiita kwa Kiingereza chao cha kazini, thruputi, na mama akalisikia neno "kasi" kama Mswahili yeyote anavyolisikia: kitu kimoja kinatoka hapa kinafika pale, upesi. Akagawanya moja kwa mia tano, na hesabu yake ilikuwa sahihi kabisa kwa neno alilopewa.

Tangu siku ile nimekuwa nikiliepuka neno "kasi" kwenye nyaraka. Natumia "upitishaji", na kipimo chake nakiita "kiwango cha upitishaji". Najua neno lina walakini. Ukilisema Dodoma watu watafikiria bajeti. Lakini angalau linamlazimisha msikilizaji aulize: unapitisha nini, kiasi gani, kwa muda gani? Na hayo ndiyo maswali yenyewe.

Simama mlango wa kutokea

Upitishaji ni hesabu ya vitu vilivyokamilika, ukigawanya kwa muda. Huhesabii mlango wa kuingilia, unahesabia wa kutokea. Nenda Kigamboni, simama pale pantoni inaposhusha, hesabu vichwa kuanzia saa moja mpaka saa mbili asubuhi. Ukipata watu 6,000, basi upitishaji wa kivuko kwa saa hiyo ni watu 6,000. Hujali waliobanana upande wa pili wakisubiri geti lifunguliwe, wala pantoni ilikimbia kiasi gani majini, wala nahodha alipiga honi mara ngapi. Umehesabu waliovuka.

Kila sekta ina vitu vyake vya kuhesabu. Bandarini ni kontena kwa mwezi au tani kwa mwaka. Kwenye maji ni lita kwa siku. Kwenye mtandao ni biti kwa sekunde, kwenye seva ya benki ni miamala kwa sekunde, kwa fundi cherehani wa Kariakoo msimu wa Idi ni kanzu kwa siku. Neno lenyewe la Kiingereza halikuzaliwa kwenye kompyuta. Lilikuwa viwandani kwanza, likihesabu malighafi inayopita mitamboni, ndipo watu wa kompyuta wakaliazima.

Kipimo hiki huchanganywa na vitu vingine vitatu. Viwili nitavisema upesi, cha tatu ndicho chenye mambo.

Kwanza, upitishaji si uwezo. Uwezo ni kile mtambo ungeweza kupitisha kila kitu kikienda sawa. Mtambo wa maji wa Ruvu Juu umejengwa kwa uwezo wa lita milioni 196 kwa siku, Ruvu Chini lita milioni 270. Jumlisha, unapata lita milioni 466. Hiyo ni namba ya kwenye kibao. Oktoba 2022 mvua zilipochelewa na mto Ruvu ukanywea, mitambo ilikuwa ileile na pampu zilezile, lakini jiji likaingia kwenye mgao na watu tukarudi kwenye madumu. Uwezo haukupungua hata lita moja. Upitishaji ndio ulioanguka.

Pili, upitishaji si wingi wa vitu vilivyomo ndani. Foleni ndefu benki haimaanishi benki inahudumia wengi. Mara nyingi ni kinyume chake.

Tatu, na hapa ndipo mama alipokwama, upitishaji si kasi ya kitu kimoja.

Jina la basi

Dar tumejipa mfano mzuri kuliko jiji lolote, na tumeupachika jina lisilo lake. Mabasi yaendayo haraka yalipoanza Mei 2016, kutoka Kimara hadi Kivukoni pamoja na matawi ya Kariakoo na Morocco, kilomita 21 hivi kwa jumla, watu wakayaita mwendokasi, na jina likaganda. Lakini mradi ule haukubuniwa hasa kwa ajili ya kumfikisha mtu mmoja upesi. Kwa kazi hiyo bodaboda haina mpinzani: itakutoa Ubungo hadi Posta ikipenya kila upenyo, na utashuka ukiwa na nywele zimesimama. Tatizo la bodaboda ni kwamba inabeba mtu mmoja, au watatu ikiwa mishikaki, na huwezi kupitisha Kimara nzima kwa mtindo huo.

Mradi ulibuniwa kupitisha watu wengi kwenye njia nyembamba. Fanya hesabu. Njia moja ya barabara nzuri isiyo na taa hupitisha kama magari 2,000 kwa saa, ikizidi hapo magari yanaanza kubanana. Kwenye kila gari binafsi kuna mtu mmoja au wawili, kwa hiyo njia hiyo inapitisha watu 3,000 hivi. Sasa chukua njia hiyohiyo, ifungie magari mengine, weka basi la mita 18 linalobeba watu kama 150, na uhakikishe linapita moja kila dakika. Mabasi 60 mara watu 150 ni watu 9,000 kwa saa. Mara tatu, kwenye lami ileile, hata kama kila basi linakwenda taratibu kuliko gari lako. Bogotá, mji mkuu wa Kolombia, ambao mfumo wao wa namna hii ulianza mwaka 2000, wamefika zaidi ya watu 40,000 kwa saa kwa upande mmoja kwenye kipande chenye msongamano mkubwa.

Ukilijua hilo, vitu vingi vya kwenye kituo vinaanza kueleweka. Kwa nini tiketi inakatwa nje na si ndani ya basi? Kwa nini sakafu ya kituo imenyanyuliwa ikalingana na ya basi? Kwa nini milango ni mingi? Watu 40 wakipanda daladala kwa mlango mmoja, kila mmoja sekunde tatu, basi limesimama dakika mbili nzima, na lililo nyuma yake limesimama pia. Wape milango mitatu na sakafu isiyo na ngazi, kila mmoja atumie sekunde moja na nusu, wote wameingia kwa sekunde 20. Ndiyo maana pia kwenye vituo vya awamu ya kwanza kuna njia ya ziada ya kupitana: basi lililosimama lisiwe kizibo cha yote yanayofuata. Yote haya yanapigania namba moja, watu kwa saa. Kasi imekuja kama nyongeza.

Lakini haina maana kwamba kasi haihusiki kabisa. Tuseme basi likitoka Kimara likaenda Kivukoni na kurudi linatumia dakika 100. Ukitaka basi moja lipite kila dakika, unahitaji mabasi 100 barabarani. Safari ikirefuka ikawa dakika 150, mabasi yakabaki 100, basi litapita kila dakika moja na nusu, na upitishaji umepungua theluthi moja. Mwendo wa kila basi unaingia kwenye hesabu, ila unaingia kwa mlango wa nyuma.

Trafiki anayetukera

Kuna mtu mmoja anayefundisha somo hili kila jioni bila kulipwa ada, na wengi tunamlaani: askari wa trafiki aliyezima taa akaongoza makutano kwa mkono. Anaachia upande mmoja mpaka unahisi amekusahau. Unazima injini. Muuza karanga anapita mara ya pili. Unajiuliza kwa nini asigawe muda mfupimfupi kwa haki.

Tuchukue makutano ya pande mbili tu, njia moja kila upande. Magari yakishaanza kutembea, moja linapita kila baada ya sekunde mbili. Lakini kila anapobadilisha upande kuna sekunde tano zinazopotea: hawa wanafunga breki, wale wanastuka, dereva wa kwanza alikuwa kwenye simu. Akibadilisha haraka, kila upande ukipata sekunde 15 za kupita, mzunguko mzima ni sekunde 40, na kati ya hizo 10 zimepotea bure. Robo ya siku imeliwa. Kwa saa atapitisha magari 1,350. Akiwapa kila upande sekunde 95, mzunguko ni sekunde 200, zinazopotea ni zilezile 10, yaani asilimia 5. Sasa anapitisha magari 1,710 kwa saa. Magari 360 zaidi, kwenye lami ileile, kwa filimbi ileile.

Bei yake? Ukikuta upande wako ndiyo kwanza umefungwa, mpango wa kwanza ulikusimamisha sekunde 25. Huu wa pili unakusimamisha sekunde 105. Askari amechagua upitishaji wa makutano, wewe unalilia muda wako wa kusubiri, na wote mnaongea ukweli mkiwa mmekasirikiana.

Prosesa ya kompyuta ina mgogoro huohuo. Inapoacha kazi moja na kushika nyingine, inalazimika kuhifadhi ilipofikia na kupakia mambo mapya, na muda huo haufanyi kazi ya mtu yeyote. Mfumo unaokusanya miamala na kuiandika kwenye hifadhidata kwa mafungu ya mia mia utamaliza mingi zaidi kwa saa kuliko ule unaoandika mmoja mmoja, lakini muamala wa kwanza kwenye fungu unakaa ukingojea wenzake tisini na tisa, kama abiria wa kwanza kuingia daladala tupu pale Mbezi. Ukimsikia fundi anasema "tumeongeza ukubwa wa fungu", jua ameachia upande mmoja muda mrefu.

Enzi za dishi

Waliokuwa wakikaa kwenye intaneti kafe za mjini kabla ya Julai 2009 watakumbuka. SEACOM, kebo ya intaneti ya chini ya bahari, ilikuwa bado haijatua Dar, na nyingine, EASSy, ilikuja mwaka uliofuata. Sehemu kubwa ya intaneti ilikuja kwa dishi, kupitia setelaiti iliyo kilomita 35,786 juu ya ikweta. Mawimbi husafiri kilomita 300,000 kwa sekunde, lakini kwenda juu, kushuka, kisha jibu kupanda na kushuka tena ni karibu kilomita 143,000. Karibu nusu sekunde inaondoka hata kabla mtambo wowote haujafanya kazi. Ukiweka na ucheleweshaji wa njiani, sema sekunde 0.6.

Sasa, bomba lenyewe lingeweza kuwa pana. Mwenye kafe aliweza kulipia megabiti kadhaa kwa sekunde na akapewa kweli. Lakini itifaki, yaani kanuni za mawasiliano, inayobeba faili nyingi za intaneti ina adabu yake: hutuma fungu, halafu inangoja upande wa pili useme "nimepata" kabla ya kutuma lingine. Fungu hilo, kwa kanuni za awali, halikuzidi baiti 65,535. Gawanya kwa sekunde 0.6: kama kilobaiti 109 kwa sekunde, chini ya megabiti moja. Ulipie megabiti mbili, ulipie kumi, faili moja haitashuka haraka zaidi ya hapo. Sehemu kubwa ya bomba inakaa tupu, ikingoja salamu irudi kutoka angani.

Ndiyo maana vijana wa kafe walipenda zile programu za kupakua zinazokata faili vipande vinane na kuvishusha kwa pamoja. Wengi waliamini programu ile "inaongeza spidi". Ilichofanya ni kutuma wajumbe wanane badala ya mmoja, kila mmoja akingoja salamu yake. Hakuna kipande kilichokwenda haraka zaidi, lakini jumla ya kilichofika kwa sekunde iliongezeka. Dawa rasmi, ya kuruhusu fungu kubwa zaidi, ilikuwa imeandikwa tangu 1992, lakini kuandikwa ni jambo moja na kompyuta ya kafe kuijua ni jingine.

Nikiwa hapo hapo: kampuni za simu hutangaza megabiti, kompyuta yako huonyesha megabaiti, na baiti moja ni biti nane. Kifurushi cha megabiti 16 kwa sekunde kikikuonyesha megabaiti 2, hujaibiwa.

Chipsi mayai, na sheria ya Little

Jirani na ninapokaa, Sinza, kuna kibanda cha chipsi. Kijana mmoja, jiko la mkaa, karai moja la mafuta, vikaango viwili vya mayai. Chipsi mayai moja inakaa kwenye kikaango dakika nne. Vikaango viwili vinatoa sahani mbili kila dakika nne, yaani sahani moja kila dakika mbili, 30 kwa saa.

Ukifika ukakuta watu tisa mbele yako, utakula baada ya muda gani? Sahani ya kumi ni yako, mara dakika mbili, dakika 20. Hukuhitaji kujua anamenya viazi vipi wala ana haraka kiasi gani. Hesabu hii ya kawaida ina jina kubwa: mwaka 1961 Mmarekani John Little alichapisha uthibitisho wake, nayo inaitwa sheria ya Little. Wastani wa vitu vilivyomo ndani ya mfumo ni sawa na upitishaji mara muda ambao kila kimoja kinakaa ndani. Inafanya kazi kwenye kibanda, hospitali, bandari, seva. Hata yale mabasi 100 ya Kimara yametoka humu humu.

Sasa rudi kwenye kikao cha Posta. Miamala 500 inakamilika kila sekunde, kila mmoja unakaa ndani sekunde tatu. Kuna miamala mingapi tumboni mwa mfumo kwa wakati wowote? Elfu moja mia tano. Hiyo ndiyo siri yake. Mfumo hauna wepesi wa ajabu, una tumbo pana. Unashughulikia 1,500 kwa pamoja.

Kwenye kibanda kijana aliamua kupanua biashara. Kwanza alileta mdogo wake wa kukata kachumbari na kupokea hela. Foleni haikupungua hata mtu mmoja, maana kachumbari haikuwa ndiyo inayochelewesha. Kisha akanunua kikaango cha tatu, akitegemea sahani 45 kwa saa. Akapata 40. Nilimuuliza, akanionyesha karai: linakaanga viazi vya sahani nane kwa dakika 12, basi. Nane kwa dakika 12 ni 40 kwa saa. Kikaango cha tatu kinakaa dakika kadhaa kikingoja chipsi. Penye wembamba palikuwa kwenye vikaango, pakahamia kwenye karai.

Mfumo wowote wa hatua zinazofuatana hupitisha kwa kiwango cha hatua yake nyembamba kuliko zote, na ukiipanua hiyo, wembamba unahamia kwingine. Wanaopita barabara ya Nyerere wanalijua hili kwa miguu ya breki: daraja la Mfugale pale Tazara lilipofunguliwa Septemba 2018, magari yakapaa juu ya makutano vizuri sana, yakaenda kukutana na taa zinazofuata. Na mto Msimbazi ukifurika pale Jangwani, mwendokasi inakopita, haijalishi Kimara kuna mabasi mangapi na Kivukoni kumepangwa vipi. Kwenye mifumo ya kompyuta wembamba huwa mara nyingi kwenye hifadhidata. Nimeona watu wakiongeza seva za mbele kutoka nne hadi 20, zote zikipeleka maswali kwa hifadhidata moja iliyokuwa tayari inatokwa jasho. Ni mdogo mtu na kachumbari.

Mwisho wa mwezi

Kuna jambo la kutisha kidogo, na wauzaji wa mifumo hawapendi kulizungumza. Mfumo haupitishi kwa raha mpaka kikomo chake kisha ukasimama. Unaanza kuumia mapema. Chukua dirisha moja ambalo wateja wanafika ovyoovyo, na huduma ya kila mmoja kwa wastani ni dakika moja, wengine fupi wengine ndefu. Dirisha likiwa na kazi nusu ya muda wake, mteja atatumia kwa wastani dakika mbili, kusubiri na kuhudumiwa. Likiwa na kazi asilimia 80, dakika tano. Asilimia 90, dakika kumi. Asilimia 95, dakika 20. Kutoka 90 hadi 95 umeongeza upitishaji kidogo mno, umeongeza subira maradufu. Hesabu za namna hii zilianza na Mdenmark, Agner Krarup Erlang, mwaka 1909, akitaka kujua kampuni ya simu ya Copenhagen inahitaji laini ngapi. Hadi leo mafundi wa mitandao ya simu hupima wingi wa mazungumzo kwa kipimo chenye jina lake.

Na ukipita hapo, yaani kazi zikiingia kwa wingi kuliko zinavyotoka, upitishaji unaweza kuporomoka kabisa. Oktoba 1986, huko California, upitishaji wa intaneti kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha Berkeley, mahali palipoachana kwa mita zisizofika 400, ulishuka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi biti 40. Arobaini. Mtu angeweza kutembea na karatasi mkononi akawahi. Nyaya hazikukatika. Kompyuta zilikuwa zinaona jibu limechelewa, zinatuma tena, foleni inazidi, jibu linachelewa zaidi, zinatuma tena. Mtandao ulikuwa na kazi tele, na karibu yote ilikuwa kurudia yaliyokwishatumwa. Van Jacobson na wenzake ndio waliotengeneza dawa, akaichapisha 1988: kompyuta ikiona dalili za msongamano, ipunguze kutuma.

Binadamu hatujawekewa dawa hiyo. Nilishakaa zamu usiku wa mshahara, kwenye kampuni nisiyoitaja, mfumo ukiwa umezidiwa kidogo tu, labda asilimia tano juu ya unachoweza. Mteja anabonyeza, kimya, anabonyeza tena. Wakala dukani anamwambia, "Jaribu tena, ndugu yangu, mtandao unasumbua." Ndani ya robo saa maombi yaliyokuwa yakiingia yalikuwa mara tatu ya kawaida, na mengi ni ya watu walewale. Kioo chetu kilionyesha seva zote zina kazi asilimia 100, na bosi mmoja akaja akasema angalau mashine hazijakaa bure. Miamala iliyokamilika ilikuwa chini kuliko saa mbili kabla yake. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini kuhesabu kwenye mlango wa kutokea ni lazima. Ukihesabia katikati, mfumo unaozama unafanana na mfumo unaochapa kazi.

Kwa hiyo mtu akikupa namba ya upitishaji, ana vitu vya kukueleza kabla hujaiamini. Kitu gani kimehesabiwa: ombi lililopokelewa, au muamala uliokamilika na salio likabadilika? Kwa muda gani: sekunde moja nzuri iliyochaguliwa kati ya elfu, au saa nzima mfululizo? Na la mwisho ndilo linalosahaulika zaidi: wakati namba hiyo inapatikana, mteja alikuwa anasubiri kiasi gani? Trafiki wetu anaweza kukupa namba nzuri sana akiachia upande mmoja mpaka kesho.

Tulimrudishia yule kijana kabrasha lake. Kifungu cha awali kilichosema "mfumo uwe na kasi ya kutosha" tulikifuta, na mama mhasibu ndiye aliyesoma kipya kwa sauti, miwani imerudi puani: mfumo ukamilishe miamala mingi kadiri mzabuni atakavyoahidi kwa kila sekunde, kwa saa moja mfululizo, huku miamala 99 kati ya kila 100 ikijibiwa ndani ya sekunde mbili. Kijana akaomba wiki moja akapime upya.

Alirudi na namba 180. Baadhi ya wajumbe wakasikitika, maana mzabuni mwingine alikuwa bado ameandika 700 bila kusema chochote kuhusu kusubiri. Mama akachukua kalamu, akaandika pembeni mwa karatasi 180 mara 2, akageuza karatasi akamwonyesha.

"Kwa hiyo, mwanangu, ndani kutakuwa na kama miamala 360 kwa pamoja, yote ikichelewa. Inakaa?"

Kijana akafungua kompyuta yake. "Inakaa, mama. Tumeweka nafasi 600."

"Haya. Tuendelee na bei."